Wiki za Kwanza Ugenini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayejiandaa kwenda kusoma nje huagwa kwa mawaidha mengi, na wanaoyatoa humtakia heri. Lakini baadhi ya mawaidha hayo si kweli, na aliyeyaamini hufika kule akajilaumu kwa mambo ambayo si kosa lake. Ndiyo maana naandika haya.

Dhana: Wiki za mwanzo ni fungate, upweke huja baadaye

Katika zote, hii ndiyo inayoumiza zaidi. Ina historia yake. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard alichapisha matokeo ya mahojiano na raia 200 hivi wa Norwei waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo na utafiti. Waliokaa chini ya miezi sita walionekana kuzoea vizuri, waliokaa kati ya miezi sita na kumi na minane walitaabika zaidi, na waliozidi hapo walikuwa wametulia tena. Mwaka 1960 Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia, akaueleza mshtuko wa utamaduni, yaani taabu ya kuingia katika mazingira na desturi ngeni, kwa hatua, ya kwanza akiiita fungate. Tangu hapo picha ya herufi U, yaani raha, kisha taabu, kisha utulivu, imerudiwa katika semina nyingi za wanafunzi wageni.

Tatizo ni kwamba Lysgaard hakuwafuatilia watu walewale tangu walipofika. Aliwalinganisha watu mbalimbali kwa muda waliokaa. Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand kuanzia saa 24 za kwanza hadi mwaka mmoja, na matokeo yao ya mwaka 1998 yalikuwa tofauti: taabu ilikuwa kubwa zaidi pale mwanzoni kabisa, kisha ikapungua.

Ukifikiri, inaeleweka. Siku ile ya kwanza unapoteza mambo mengi kwa mpigo: njia unazozijua, watu wa kukusalimu, namna ya kununua kitu bila kuuliza. Kwa hiyo ukilia usiku wa tatu, usihitimishe kwamba ulikosea kuja. Wala usijione mgonjwa kwa kuwa wenzako wanapiga picha wakicheka. Wengine hulia wakishafunga mlango. Lakini huzuni ikikaa wiki kadhaa, ukashindwa kula, kulala au kwenda darasani, hapo nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya cha chuo. Usingoje muhula uishe.

Dhana: Lala usiku mmoja, uchovu wa safari utaisha

Ukivuka majira ya saa kadhaa, saa ya mwili hubaki kule ulikotoka na husogea polepole, kwa makadirio saa moja hivi kwa siku. Wengi hutaabika zaidi wakisafiri kuelekea mashariki, kwa sababu mwili huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kinachoisogeza sana saa hiyo ni mwanga wa mchana, basi toka nje. Na jambo zito, kama la kubadili kozi au kurudi nyumbani, usiliamue saa tisa usiku ukiwa macho kodo.

Dhana: Ukishapata viza, makaratasi yamekwisha

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe la mwanafunzi ni fomu. Ujerumani humtaka mtu asajili makazi yake ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Marekani, viza ya mwanafunzi hukufikisha mpakani tu, afisa wa pale ndiye anayekuruhusu kuingia, na huwezi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyo kwenye hati zako. Ukishaingia, lazima chuo kithibitishe kwenye mfumo wa serikali kwamba umefika, kwa hiyo jitokeze mapema katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hati zako halisi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloweza kupotea.

Na amana ya nyumba usiitume kwa mtu usiyemthibitisha, eti chumba kitachukuliwa. Matapeli wanaijua haraka ya mgeni.

Dhana: Nitafanya kazi nijilipie ada

Sheria haziachi nafasi hiyo. Uingereza, wanafunzi wengi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Marekani ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kwa kawaida kazi yenyewe iwe ndani ya chuo. Ukizidisha unahatarisha kibali chako cha kukaa. Tena hata kazi ikipatikana mapema, mshahara hauji siku hiyo. Nenda na akiba ya kukutosha miezi ya mwanzo.

Dhana: Kaa mbali na watu wa kwenu, ndipo utazoea

Stephen Bochner na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1977 kwa wanafunzi wageni waliokuwa wakisoma Hawaii, waliona kwamba kila kundi la marafiki lina kazi yake: watu wa kwenu hukushika moyo, wenyeji hukusaidia katika masomo na shughuli, na wageni wenzako wa nchi nyingine huwa wa kutembea nao. Mimi naona hakuna sababu ya kuchagua moja.

Dhana: Nimefaulu mtihani wa lugha, nitaelewa kila kitu

Mtihani haukukuandaa kwa mhadhiri anayemeza maneno huku watu watatu wakicheka nyuma. Sikio hujifunza lafudhi kwa kusikia, na linahitaji muda. Hatari ni kutikisa kichwa kana kwamba umeelewa, kisha tarehe ya kukabidhi kazi ikupite. Wahadhiri wengi hutenga saa maalumu za kuonana na wanafunzi. Nenda wiki ya kwanza, hata kama una swali moja, ukamwombe akuandikie neno ulilolikosa.