Ukoka wa mlangoni, na saa ya kuupiga picha

Ukoka hutoa maua. Wengi wanaoukanyaga kila siku hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa sababu ua la nyasi halina petali za kuita nyuki. Nyasi huchavushwa na upepo, mapambo ya nini? Kwenye ncha ya bua hutoka masuke membamba machache, yamechanua kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Ukipiga goti ukayatazama kwa karibu, utaona vifuko vya chavua vikining'inia kwenye vikonyo vyembamba kuliko unywele, na pembeni yake vijinyoya vya zambarau. Hivyo ndivyo sehemu ya kike inayodaka chavua. Aina nyingi za nyasi hufungua maua yake kwa saa chache tu, mara nyingi mapema asubuhi. Ukichelewa, unakuta vifuko vimenywea na picha imekupita.

Nimeanza na ukoka kwa makusudi. Kazi yangu ni kupiga picha za mimea, na anayeanza akiniuliza aende wapi kujifunzia, humwambia achague kipande cha ardhi hatua chache kutoka mlangoni kwake, arudi hapo hapo kila siku. Mimea ina ratiba, na ratiba hiyo hutaijua kwa kuitembelea mara moja. Kifauongo hukunja majani jioni hata asipoguswa na mtu. Kuna maua yanayongoja jua kali ndipo yafunguke, na mengine hufunga kabla ya adhuhuri. Kamera ya bei kubwa haikwambii hayo. Kurudi ndiko kunakokwambia.

Chukua matone ya asubuhi. Wapiga picha wengi hudhani yote ni umande. Umande ni mvuke wa hewani uliogeuka maji juu ya kitu kilichopoa, kwa hiyo hutanda jani zima kwa vitone vidogo vidogo, na utaukuta hata kwenye utando wa buibui na waya za uzio. Lakini lile tone moja kubwa, safi, lililotulia kwenye ncha kabisa ya jani la nyasi, mara nyingi limetoka ndani ya mmea wenyewe. Usiku udongo ukiwa na maji ya kutosha, na jani likawa halipotezi maji mengi hewani, mizizi huendelea kuvuta maji na kuyasukuma juu mpaka yanatokeza kwenye vitundu vya nchani au kingoni mwa jani. Ndiyo maana matone haya unaweza kuyapata hata usiku wa mawingu ambao umande haukuanguka. Mvua ikinyesha jioni au bustani ikimwagiliwa, weka saa ikuamshe mapema. Halafu usilenge fokasi kwenye ukingo wa tone. Tone ni lenzi: ndani yake kuna taswira ya kilicho nyuma, imepinduka juu chini. Lenga hiyo. (Wapo wanaonyunyizia maji kwa chupa ili wapate matone. Mimi sipendi, maji hayo hukaa mahali ambapo mmea usingeyaweka, na jicho lililozoea hugundua upesi.)

Shida inayowasumbua wengi zaidi ni ukali wa picha. Ukikisogelea kitu mpaka taswira yake kwenye kihisi (kibao cha ndani kinachopokea mwanga) cha kamera kubwa ilingane na ukubwa wake halisi, hata ukibana tundu la lenzi hadi f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), sehemu inayoonekana kwa ukali ni unene wa milimita moja hivi. Kubana zaidi, hadi f/22, huongeza unene huo lakini hulainisha picha nzima, maana mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo mno. Dawa yake ni kuipanga kamera: iwe sambamba na jani au suke, ili sehemu kubwa ya mmea iingie ndani ya milimita hiyo moja. Wenye simu wana nafuu hapa, kwa kuwa kihisi chao ni kidogo na unene wa ukali huongezeka. Ila simu ikisogezwa mno hushindwa kulenga na kuutupia mmea kivuli chake. Rudi nyuma kidogo, piga, kisha kata picha baadaye.

Upepo usibishane nao. Asubuhi na mapema kwa kawaida huwa umetulia. Ukianza kuvuma, ongeza kasi ya shata hadi 1/500 ya sekunde, au shika bua kwa mkono chini, nje ya fremu.

Kuhusu mwanga, jua la chini likiwa nyuma ya nyasi huwasha kila kinyweleo cha suke. Lenzi ikingie kwa kiganja, na kama nyuma kuna giza, shusha mwangaza wa picha kidogo, la sivyo kamera itayaunguza masuke yawe meupe pe.

Mmea wa kawaida una umbo la kutosha kwa picha. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefundisha sanaa Berlin kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1932, alipiga mimea ya porini ambayo wengi wangeiita magugu, akaikuza mara nyingi mbele ya karatasi tupu ili wanafunzi wake waone maumbo. Yeye aliikata, mimi huiacha udongoni na kuegesha kadi ya kijivu nyuma yake. Jaribu hivyo kwa ndago. Viringisha bua lake vidoleni kwanza, utahisi pembe tatu, kisha piga ukiwa na mwanga wa ubavuni ili ukingo mmoja ung'ae na upande wa pili uwe kivulini.

Nyasi zikikauka usiiweke kamera kabatini. Huo ndio wakati wa kishonanguo: kila mbegu yake ni sindano nyeusi yenye pembe chache kichwani, na kwenye pembe hizo kuna vijimwiba vilivyoelekea nyuma, kwa hiyo ikishaingia kwenye kitambaa haitoki kwa urahisi. Kutafuta mbegu za kupiga picha si kazi. Kagua suruali yako ukirudi ndani.