Bomba la maji moto linadumu miaka mingapi? Inategemea unaongeza maji mara ngapi

Swali linalotufikia sana hapa kitengoni ni hili, bomba la mfumo wa kupasha nyumba kwa maji moto linakaa miaka mingapi, na mtu anataka namba moja tu. Namba ipo ila haisimami peke yake.

Chukua chuma cheusi cha kawaida. Wengi wanajua chuma na maji ni kutu mpaka kiishe, kumbe kwenye mfumo uliofungwa, yaani maji yaleyale yanatoka kwenye boila inayoyapasha moto, yanaenda kwenye redieta, yaani yale mabamba yanayotoa joto chumbani, yanarudi, ile oksijeni iliyoingia na maji ya kwanza inaliwa na chuma na ikiisha kutu nayo karibu inasimama. Ndo maana kuna mabomba ya chuma yamevuka miaka 50 na bado mazima. Balaa linaanza presha ikishuka, mtu anafungua koki anaongeza maji, wiki ijayo tena, na kila akiongeza ameingiza oksijeni mpya. Ukilipasua bomba la hivyo nje unakuta rangi safi kabisa, ndani kuna vishimo kama vya sindano na tope jeusi linalonasa kwenye sumaku. Hilo tope ni chuma chako mwenyewe.

Bomba la chuma lililopakwa zinki usiliweke huku jamani. Kwenye maji baridi zinki inakubali kuliwa kwanza ili chuma kipone, lakini kuanzia kama nyuzi 60 hivi inaweza kugeuka ikaacha kukilinda.

Sasa plastiki. Imeandikwa miaka 50, na watu wanaelewa ni miaka 50 ya maji yanayochemka, hapana. Kiwango cha ISO 10508 kwa mabomba ya redieta za joto kali kinahesabu hivi: miaka 14 kwenye nyuzi 20, miaka 25 kwenye nyuzi 60, miaka 10 kwenye nyuzi 80, na mwaka 1 tu kwenye nyuzi 90. Jumla 50. Kwa hiyo ukiiacha boila nyuzi 80 mwaka mzima unakula ile miaka 10 haraka sana. Na kingine ambacho mafundi wengi wanakiruka, oksijeni inapenya ukuta wa plastiki, bomba lisilo na utando wa kuizuia lenyewe halipati kutu ila redieta za chuma zinatoboka.

Shaba inadumu sana, ila maji yakipita kwa kasi kubwa yanailia kwenye kona.

Ushauri wangu, funga mita ndogo kwenye laini ya kuongezea maji, andika namba kila mwezi. Ikisogea tafuta panapovuja, na kama hapaonekani kagua lile tanki dogo lenye mpira na upepo ndani, upepo ukiisha presha inapanda maji yakipata moto, vali ya usalama inamwaga, yakipoa presha inashuka na wewe unafungua koki tena.