"Imetoka wapi hii presha, dokta?"

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kliniki si "nitapona lini?" Ni "imetoka wapi?" Wiki iliyopita mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Bahi, huku kwetu Dodoma, aliniuliza hivyo huku kitambaa cha mashine bado kimembana mkono. Tulikuwa tumeshaamkiana, mbukwa kwa mbukwa, vizuri kabisa. Mashine ikasoma 178 kwa 104. Nikamwacha apumzike dakika tano, nikapima tena, haikushuka kitu. Hapo akaanza kujitetea kana kwamba nimemfungulia kesi: ukoo wao hauna presha, hanywi, havuti, ni mwembamba, analima kwa mkono wake, na chumvi aliiacha tangu mwanawe alipomkataza.

"Mboga kubwa nyumbani ni ipi, mama?"

"Mlenda. Si unajua huku kwetu."

"Unaupika na nini?"

"Na magadi. Mlenda bila magadi ni mlenda?"

Nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasema "punguza chumvi", naandika kwenye kadi, naita mwingine. Sikuuliza habari za magadi hata siku moja, na mimi mwenyewe nimekula mlenda huo tangu utoto. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi. Magadi nayo yana sodiamu, tena kwa wingi. Sodiamu ikizidi, mwili hubakiza maji ili kuizimua, damu inaongezeka ujazo, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, kuta za mishipa midogo hukakamaa na figo zinaanza kuchoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa jumla: ya sufuriani, ya kwenye kiungo cha mchuzi cha mchemraba, ya samaki mkavu, na ile inayomwagwa pembeni ya sahani ya nyama choma. Kwa mgonjwa wa presha, magadi nayo yaingie kwenye hesabu.

Basi nimepata jibu lake? Hapana, na hapa ndipo watu wengi tunapoachana. Malaria ina kimelea. Asipoonekana kwenye damu, tunatafuta ugonjwa mwingine. Presha hii ya kawaida haina mdudu wa kumtafuta. Ina vihatarishi, vitu vinavyoongeza uwezekano wa kuugua bila kukuhakikishia chochote, na vikikutana viwili vitatu kwa mtu mmoja hatari yake hupanda haraka. Ndiyo maana kila nikitoa elimu hadharani hakosi mtu wa kunitajia babu yake aliyevuta tumbaku mpaka akapita miaka tisini. Namwamini. Ila wale waliovuta pamoja na babu wakafa na hamsini hawapo kuja kutoa ushahidi wao.

Vihatarishi vikubwa vya presha na wenzake, yaani magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari na saratani, wengi mmeshavisikia: tumbaku, pombe, ulaji mbaya, kutoshughulisha mwili, na hewa chafu. Pombe na sigara sitazirudia leo, mmehubiriwa vya kutosha. Hewa chafu ndiyo inayosahaulika, kwa sababu watu wakisikia neno hilo wanafikiria viwanda. Mimi nafikiria jiko la mafiga ndani ya nyumba yenye kidirisha kimoja. Nimeona wanawake ambao hawajawahi kushika sigara na mapafu yao yameziba kama ya mvutaji, baada ya miaka ya kupuliza moto wa kuni mbichi. Moshi huohuo unaumiza pia moyo na mishipa.

Jina lenyewe "yasiyoambukiza" nalo linatuchanganya kidogo. Saratani ya mlango wa kizazi iko kwenye kundi hili, lakini karibu yote inatokana na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa ngono. Ndiyo maana Tanzania inawachanja wasichana nchi nzima tangu 2018. Saratani ya ini inaweza kuanzia kwenye homa ya ini B. Kuna watoto wanaoharibika vali za moyo baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa.

Nirudi kwa mama yangu wa Bahi. Kwenye kadi yake mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia. Anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Ugogo unazijua njaa. Ile ya Mtunya, 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuchukua ng'ombe na nafaka, mvua nazo zikagoma. Sasa, Uholanzi ilipata njaa yake majira ya baridi ya 1944–45, na waliokuwa tumboni wakati huo walipopimwa ukubwani miili yao ilishindwa kuhimili sukari kuliko ya wenzao. Inaonekana mtoto anayekosa chakula tumboni hujengwa kwa kubana matumizi, kisha akikutana na shibe baadaye, mwili haujajiandaa. Sisemi ndicho kilichompata mama huyu; hilo halipimiki kwa mtu mmoja. Nasema tu kwamba anayeita haya magonjwa ya matajiri aje akae kwenye benchi letu asubuhi moja.

Matajiri nao wapo, sikatai. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, nawapokea maofisa wanaoshuka kwenye gari hadi kwenye kiti, na mchana soda: chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Hao nawaambia watembee walau dakika 150 kwa wiki, wanacheka, wanaulizia dawa ya kitambi.

Mama nilimwanzishia vidonge, nikamwomba mkojo wa kupima figo, na nikamwambia ajaribu mlenda bila magadi. Akaniuliza unaivaje. Sikuwa na jibu, nikafungua mlango nikauliza benchini. Mmoja akasema ni kuchemsha zaidi tu. Mwingine akabisha, akasema tia bamia nyingi, utateleza wenyewe. Wa tatu akadai bila magadi wanaume hawali. Nilipoita jina linalofuata, hakuna aliyenisikia.