Kuongeza njia za hifadhi hakuharakishi bakapu

Mafundi wengi wa seva hapa Kampala wanaamini kwamba ukiunganisha hifadhi ya iSCSI (diski zinazofikiwa kupitia mtandao) kwa njia mbili, bakapu ya mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva, itakwenda kasi maradufu. Si kweli. Njia hizo ni za seva kufikia diski zake. Bakapu mara nyingi hubanwa na mtandao mwingine inaoupitia baada ya hapo.

Kwenye VMware, programu ya kuendesha mashine pepe, kama seva ya bakapu haijaunganishwa na mtandao wa hifadhi, wala si mashine pepe inayoweza kupachikiwa diski, data husomwa kwa NBD, yaani kupitia mtandao wa usimamizi wa seva. Kadi ya mtandao huo ikiwa ya gigabiti 1, hutavuka megabaiti 125 kwa sekunde hata ukiwa na njia nane za hifadhi. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kununua swichi nyingine ya mtandao fungueni logi ya bakapu ya jana usiku, mtafute “nbd”, “hotadd” (kupachika diski) au “san” (mtandao wa hifadhi). Mkikuta nbd, acheni kuhangaika na iSCSI.

Njia ya pili ina kazi yake, tena kubwa: kebo ikichomoka au swichi moja ikizimika, mashine hazisimami. Ila swichi zote mbili zisitegemee UPS moja.