Paka Kashonwa, Karudi Nyumbani: Maswali ya Jirani na Majibu Yake

Wiki iliyopita jirani yangu wa Katonga, hapa Kigoma, alirudi kutoka kwa daktari wa mifugo na paka wake ndani ya kapu la dagaa, juu kafunika kitenge. Bati la choo lilimchana pajani, akashonwa nyuzi saba. Jioni haijafika, jirani alikuwa ameshanipigia simu mara tatu, maana kazi yangu ni mifugo. Maswali yake nimeyachanganya na mengine ninayoulizwa kila mara Ujiji na Mwanga.

Amerudi kalegea, anayumba kama mlevi. Hivi yu mzima kweli?

Ni nusukaputi hiyo, inaisha kwa saa kadhaa. Dawa nyingine humwacha amekodoa macho, usishtuke. Mlaze chini sakafuni ndani ya boksi lenye kanga kuukuu, si kitandani, maana ataanguka na nyuzi zitafumuka. Jiko la mkaa liwe mbali: akiwa hivyo hawezi kusogea akiungua. Chakula kisubiri mpaka ashike kichwa vizuri na kutembea bila kuyumba, kisha umpe kidogo. Ukitaka kutulia, hesabu kifua kinavyopanda akiwa amelala: mara 20 hadi 30 kwa dakika ni sawa. Kesho yake akiwa bado hasimami, mrudishe.

Anakilamba kidonda. Si wanasema mate ya paka ni dawa?

Wanasema, na ndiyo maneno yanayoniletea wagonjwa wa marudio. Mguse paka ulimi siku moja: unakwaruza kama msasa. Ni vijimiba vigumu vilivyopinda kuelekea kooni, vya kuchania manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Ngozi inayojaribu kushikana haiwezi kushindana na ulimi huo, na uzi ndio kabisa. Kinywani mwake pia kuna bakteria wengi.

Kwa hiyo anahitaji kola ya shingoni, ile yenye umbo la faneli. Kama daktari hakukupa, tengeneza. Jirani yangu alikata kidumu cheupe cha mafuta ya kula, akakikunja, akakifunga kwa kamba ya viatu. Ukingo aliuzungushia plasta usimkate shingo. Kipimo ni hiki: faneli ipite pua kwa sentimita mbili au tatu, na shingoni viingie vidole viwili. Ikiwa fupi, ataufikia mguu. Ikibana, atakabwa.

Saa za kwanza ni vituko. Anatembea kinyumenyume, anagonga miguu ya meza, anakutazama kama umemkosea adabu. Jirani alimwonea huruma, saa tano usiku akamvua. Asubuhi nyuzi mbili hazikuwepo, na zilizobaki zimelowa. Ilibidi arudi akashonwe tena na alipe tena. Muinulie kibakuli kwenye tofali ale akiwa na kola yake, na ukimvua ale, kaa hapo hapo mpaka umvishe tena.

Anaonekana ana maumivu. Nimpe nusu Panadol?

Hapana. Hata robo. Hata ile ya maji ya watoto.

Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli kama la binadamu. Inageuka sumu, inaharibu damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Fizi zinakuwa za kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua paka. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache humo humo kabatini. Dawa za maumivu za paka zipo, ila daktari huzipima kwa uzito wake, na ukiongeza dozi kwa huruma unamuumiza figo. Kama ameshameza ya binadamu, usingoje dalili: mbebe uende sasa hivi.

Halafu usipotoshwe na kukoroma kwake. Paka hukoroma akifurahi, na hukoroma pia akiumwa. Mwangalie mwili: amejikunyata, kichwa chini, macho nusu, hataki kuguswa upande mmoja, kajificha uvunguni.

Kidonda nikipake nini? Mama mkwe anasema mawese.

Shikamoo yake mama mkwe, lakini mawese yabaki kwenye maharage. Mafuta yananasa vumbi, yanaita sisimizi, na paka mwenyewe atayalamba kwa utamu wake. Majivu na unga wa kahawa ni uchafu mtupu ndani ya nyama mbichi. Spiriti inachoma ngozi changa inayoanza kuota. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa ina kemikali za jamii ya fenoli, nazo ni sumu kwa paka, hasa akilamba.

Kidonda kilichoshonwa, kikavu, kisichotoa kitu, kinataka kuachwa. Kikichafuka, chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, acha yapoe kabisa, lowesha gozi safi, futa taratibu kuanzia kwenye nyuzi kwenda nje, kausha. Usimwogeshe mpaka nyuzi zitoke.

Nzi ndio adui wa hapa kwetu, hasa ukikaa karibu na vichanja vya dagaa. Wakitaga kwenye kidonda kibichi, haipiti siku mbili kabla hujaona funza. Mfungie chumba kimoja, dirishani weka pazia jepesi. Lakini usimpulizie dawa ya mbu wala kumpaka dawa ya kupe ya mbwa: nyingi zina permethrini, nayo inamtetemesha paka mpaka afe. Mimi hata chandarua chenye dawa simfunikii, kwa kuwa dawa yake ni ya ukoo huo huo.

Chooni mwake pia badilisha. Mchanga unaganda kwenye kidonda. Mwekee vipande vya magazeti kwa siku hizo.

Wa kwangu aling'atwa na dume mwenzake. Daktari kapasua jipu, kaosha, hakushona. Amenidhulumu?

Hapana, kakufanyia vizuri. Jino la paka ni jembamba na refu: tundu dogo juu, bakteria chini kabisa. Juu panafunga haraka, na baada ya siku mbili hadi nne usaha umejaa. Pakishonwa, usaha unafungiwa ndani. Panaachwa wazi pachuruzike na pajae kutoka chini. Wewe futa kigaga kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, ili mlango usifunge kabla ya nyumba kusafika.

Hataki kula tangu jana.

Paka hula kwa pua. Chukua dagaa wabichi, chemsha bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu (vyote viwili vinaharibu damu yake), toa mfupa kama umetumia mgebuka, mpe vikiwa na uvuguvugu. Paka tone la mchuzi puani. Wengi hapo wanaanza.

Siku nzima bila kula, mpigie daktari. Mbili, mpeleke, hasa kama ni mnene: mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulielemea, na huo ugonjwa ni mgumu kuliko kidonda kilichomleta.

Vidonge anatema.

Mfunge kwenye taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu nje. Inua kidevu, fungua taya kwa kidole, dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, msugue koo. Kisha mnyweshe maji mililita tano kwa bomba lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, polepole. Maji hayo usiyaruke kama dawa ni doksisaiklini: ikikwama kooni inaunguza umio, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula. Antibayotiki zimalize hata kama ameshaanza kuruka ukuta.

Nitajuaje kwamba mambo yanaharibika?

Wekundu kidogo na uvimbe kidogo siku mbili tatu za mwanzo havina neno. Harufu ndiyo inayosema mapema: kidonda kizuri hakinuki. Usaha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, nyuzi zilizoachia, damu isiyokoma ukikandamiza kwa dakika tano, fizi nyeupe, au joto linalozidi nyuzijoto 39.5 kwa kipimajoto kinachoingizwa njia ya haja kubwa (kawaida yake ni 38 hadi 39.2, masikio ya moto hayatoshi kuwa ushahidi) — chochote kati ya hivyo, rudi siku hiyo hiyo.

Wakati namsafisha kaning'ata mkono.

Acha kumsafisha. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, uende hospitali leo hii, hata kama ni tundu la sindano. Kwanza kwa sababu ya bakteria: mkono unaweza kuvimba ndani ya siku moja. Pili, kichaa cha mbwa. Paka naye anakipata na anakiambukiza. Waeleze kama amechanjwa, na kama jeraha lake lilitokana na mbwa au paka asiyejulikana, sema waziwazi. Sindano wakikuandikia, maliza zote. Paka afungiwe na aangaliwe siku 10.

Nyuzi zinatolewa lini, na nimfungulie lini?

Siku ya 10 hadi ya 14, na zitolewe na daktari, si kwa wembe wa nyumbani. Zipo zinazoyeyuka zenyewe, uliza ulishonewa zipi. Kola inabaki mpaka siku hiyo, na nje aende kesho yake. Wa jirani yangu, kwa ule usiku mmoja wa kola, kalenda imeanza upya. Bado yuko ndani, anawatazama panya kupitia pazia. Bati la choo limeshakunjwa kwa nyundo.