Milio ya ndege wanaohama usiku: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ndege wadogo usiku wamelala, wanaozunguka gizani ni bundi na popo tu. Si kweli kabisa. Ndege wadogo wengi wanaohama, hawa wa gramu kumi au ishirini, safari ndefu wanaziruka usiku, wanaondoka muda mfupi baada ya jua kuzama kwa sababu hewa imetulia na kuna ubaridi, mwewe hawapo, halafu mchana unabaki wa kula na kupumzika. Na wengi wakiwa huko juu wanalia. Mwaka 1896 Mmarekani mmoja, Orin Libby, alikaa kilimani karibu na Madison, Wisconsin, akahesabu kwa masikio yake milio zaidi ya 3,000 usiku mmoja tu!

Wengine wanasema basi wanaimba. Hapana jamani, wimbo ni mambo ya dume kulinda eneo lake na kuita jike. Huu ni mlio mfupi sana, mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, "tsii" umeshapita, na kazi yake inaaminika ni kuwasiliana wasipotezane gizani. Kule Marekani kuna ndege anaitwa Swainson's Thrush, mlio wake wa usiku umefanana na wa chura mdogo wa huko, kwahiyo mtu anamsikia juu ya paa lake na anadhani ni chura wa bwawani.

Sasa hii inayofuata hata watu wanaofuatilia ndege wanayo: milio mingi maana yake ndege wengi. Hapa ndo pa kuwa makini. Kwanza ndege mmoja anaweza kulia mara kadhaa akipita juu ya maikrofoni uliyoweka kurekodi milio. Pili wako ambao hawalii kabisa au ni nadra, mfano wale wala wadudu wa Amerika wanaoitwa vireo, wanapita kwa wingi na rekoda haipati kitu. Tatu kuna mawingu ya chini, ukungu na taa. Pale New York kila Septemba 11 huwashwa mianga mikubwa kuelekea angani, kumbukumbu ya mashambulizi ya 2001, na utafiti uliotoka 2017 ulikadiria kwamba kwa usiku saba tu wa miaka tofauti ndege kama milioni 1.1 waliathirika, wanazunguka ndani ya mwanga na milio inaongezeka sana, taa zikizimwa wanatawanyika ndani ya dakika chache. Yaani hiyo milio mingine ni ya ndege waliochanganyikiwa. Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanaangalia na rada pamoja, rada inakupa wingi, mlio unakwambia ni ndege gani.

Hata kwetu mwanga na ukungu vinajulikana, pale Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo West Kenya, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba ndege kutoka Ulaya na Asia wanashuka kwenye taa za loji, na tangu 1969 wananaswa kwa nyavu, wanavishwa pete mguuni na kuachiwa. Lakini wengi wa hao wadogo huwa kimya wakiruka usiku, kwahiyo ukitegemea masikio peke yake utasema hakuna kilichopita.

Kuhusu vifaa, hapana, huhitaji mamilioni. Mmarekani Bill Evans, aliyeanza kurekodi milio hii miaka ya 1980, alisambaza maelezo ya kutengeneza maikrofoni ndani ya chungu cha maua kilichofunikwa plastiki, unaelekeza juu basi.

Na mwisho, eti programu ya kompyuta inatambua kila kitu. Inasaidia sana kuchambua masaa ya rekodi, hilo siwezi kukataa, ila inadanganywa na wadudu na matone ya mvua, lazima ufungue picha ya sauti, yaani mchoro unaoonyesha umbo la mlio, uangalie mwenyewe. Na kuna kundi zima la ndege wadogo wa Marekani ambao milio yao inafanana kiasi kwamba wataalamu wenyewe wanawaandika pamoja kwa jina moja, "zeep", bila kumtaja ndege.