Leseni ya programu za ofisi: unapolipa, unalipia nini?

Ukinunua jembe, jembe ni lako. Utalima nalo, utamwazima jirani, na ukitaka utaliuza. Programu ya kompyuta haiko hivyo. Ukilipia programu ya kuandikia barua au kupigia mahesabu, unanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo inayoitwa leseni. Anayetafuta programu za ofisi za bei nafuu kwa kompyuta ya nyumbani aanzie hapo, maana leseni ndiyo inayoamua utalipa kiasi gani, mara ngapi, na siku ukiacha kulipa utabaki na nini.

Programu hizi huja kwa kifurushi: ya kuandikia, ya lahajedwali, yaani zile jedwali zinazojumlisha zenyewe, na ya kuandaa mawasilisho. Kifurushi kinachojulikana zaidi ni cha Microsoft, nacho kinauzwa kwa leseni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kulipa mara moja, kama Office 2024. Unaiweka kwenye kompyuta moja na itaendelea kufunguka, ila masasisho ya usalama yana ukomo. Kwa Office 2016 na 2019 ukomo huo ulifika Oktoba 14, 2025. Ya pili ni Microsoft 365, inayolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Malipo yakikoma, faili zako utazisoma na kuzichapisha, lakini kuzihariri hutaweza. Ipo ya familia inayobeba hadi watu 6, na nyumba yenye wanafunzi kadhaa wakichangishana, mzigo hupungua sana.

Halafu kuna za bure. Neno hili linahitaji uangalifu, kwa sababu limebeba vitu viwili tofauti.

Google Docs ni ya bure, na hata Word, programu ya kuandikia ya Microsoft, ina toleo la bure linalofanya kazi ndani ya kivinjari. Hutoi fedha, lakini unatumia bando, faili zako zinakaa kwenye kompyuta za mwenye programu, na masharti anayaweka yeye. Kwa mtu mwenye intaneti ya uhakika, anayeandika barua na kuweka bajeti ya nyumbani, inatosha kabisa.

Programu huria ni jambo jingine. Hapa leseni yenyewe inakuruhusu kuitumia bila malipo, kuinakili kwenye flashi ukampa mwenzako, kuisoma jinsi ilivyoandikwa ndani, na kuibadilisha. LibreOffice ni ya aina hii. Asili yake ni StarOffice ya kampuni ya Kijerumani, Star Division, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun ikaufungua msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiunda programu, kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Sun nayo iliponunuliwa na Oracle mwaka 2010, sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga hawakuridhika, wakachukua msimbo uleule, wakaunda taasisi iitwayo The Document Foundation, na kazi ikaendelea kwa jina la LibreOffice. Leseni ndiyo iliyowapa haki hiyo. Nunua kampuni utakavyo, kilichokwisha kutolewa kwa leseni huria hukirudishi kabatini.

Na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumewahi kuitumia haki hiyo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi kizima chenye menyu za Kiswahili. Ruhusa ya kutafsiri ilikuwa tayari ndani ya leseni. Kila nikilikumbuka hilo napata moyo.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huingia bila kujua: programu ya kukraki, iliyovunjwa kufuli. Dada yangu alinunua laptopu ya mtumba, fundi akamwekea "kila kitu." Miezi michache baadaye mstari mwekundu ukatanda juu ya ukurasa na vitufe vya kuhariri vikafifia, siku ileile ya mwisho ya kupeleka maombi ya kazi. Tulipochunguza tukakuta kinga ya virusi imezimwa, kwa kuwa kifaa cha kuvunjia kufuli kilidai izimwe kwanza. Kompyuta yenye nywila zake za benki ilikuwa imekaa wazi muda wote huo. Mtu akikwambia hiyo ndiyo nafuu, mkatalie.

Kabla ya kutoa hela, chukua faili lako gumu kuliko yote ulifungue kwenye LibreOffice. Barua na bajeti za kawaida hazisumbui. Panaposumbua ni kwenye lahajedwali zenye makro, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe, za Excel, programu ya lahajedwali ya Microsoft. Kama kazi yako inazitegemea, lipia Excel bila kujuta. Kwingine tatizo huwa ni fonti, yaani muundo wa herufi. Wasifu ulioandikwa kwa Calibri, kwenye kompyuta isiyo nayo, huonyeshwa kwa Carlito inayokuja na LibreOffice, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo mistari haihami. Fonti isiyo na pacha wa namna hiyo itasukuma jedwali lako hadi ukurasa wa pili.

Ukitaka mwenzako alihariri faili, lihifadhi kwa docx, aina ya faili ya Word, kwa sababu LibreOffice isipoelekezwa huhifadhi kwa odt, aina yake yenyewe. Ukienda steshenari kuchapisha, beba PDF. Hiyo itatoka vilevile ulivyoiona nyumbani, hata kompyuta ya pale iwe na programu gani.